Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mnyama Akishachukuliwa Asirudishwe

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atawasomea hesabu, na katibu anayo orodha ya wanyama waliopata makwao kupitia chama chetu, kwa hiyo sitazirudia tarakimu zao. Muda wangu nautumia kwa jambo moja tu: mbwa na paka wanaochukuliwa kisha wakarudishwa. Mnyama aliyekaa na watu wiki mbili halafu akarejeshwa kwenye kituo cha wanyama hurudi na hofu ambayo hakutoka nayo, na mtu anayefuata humtilia shaka. Sababu zinazoandikwa kwenye fomu ni zile zile: "anabweka usiku", "ametoroka", "anakojoa ndani", "mwenye nyumba amekataa". Ukizifuatilia moja moja, nyingi zingeonekana kabla mnyama hajatoka langoni. Ndiyo maana kamati inapendekeza kila nyumba itembelewe kwanza na mwanachama wetu, hata kama mwombaji ameshajaza fomu za kituo chenyewe.

Nianze na wapangaji, maana Nairobi wengi wetu tumepanga. Neno la mdomo la keateka, msimamizi wa jengo, halitoshi. Keateka hubadilishwa, na mpya akija hajui mliyokubaliana. Mwombaji alete barua ya mwenye nyumba au ajenti wake, itaje aina ya mnyama na idadi. Kwenye magorofa na mitaa yenye geti moja, aulize pia kanuni za chama cha wakazi.

Kisha macho yaende kwenye geti na ua. Mahali kichwa cha mtoto wa mbwa kinapopita, mwili nao utapita, na mageti mengi ya mabati yana nafasi ya kutosha chini. Ua wa kayaba huonekana mnene kwa juu ilhali shinani una vichochoro. Mbwa huvijua siku ya kwanza. Ghorofani tazameni grili za baraza. Paka hupenya bila taabu na huanguka kweli, hivyo wavu wa kuku ufungwe kuanzia sakafuni hadi juu kabla hajaletwa.

Swali la mwisho la ziara ndilo zito: mbwa atalala wapi, na mchana atakuwa wapi? Anayejibu kwamba mbwa atafungiwa kutwa nzima na kufunguliwa usiku alinde boma, tusimpe. Mbwa wa namna hiyo hubweka kwa uchovu wa kufungiwa, huogopa watu asiowazoea, na siku akipata upenyo humuuma mtoto wa jirani. Kibanda kiwe cha mbao, kiinuliwe kama sentimita 10 kutoka ardhini, kiwe na ukubwa wa mbwa kusimama na kujigeuza tu ili joto la mwili wake libaki ndani. Cha mabati matupu huchoma mchana na huganda usiku wa Julai.

Safari ya kwenda nyumbani inaharibu mengi. Paka asibebwe kwenye katoni ndani ya matatu: hukojoa kwa woga, chini hulowa, katoni hufunguka, naye hupotelea mtaa asioujua. Tumieni kikapu cha plastiki chenye mlango, mkifunike kwa leso. Mbwa naye avalishwe mkanda wa kifuani pamoja na kola. Kola iwe na nafasi ya vidole viwili. Ikilegea zaidi ya hapo, mbwa mwoga atarudi kinyumenyume na kuivua. Mlango wa gari usifunguliwe mpaka geti liwe limefungwa nyuma yake.

Wenye kazi hii hupima kwa siku 3, wiki 3 na miezi 3. Siku 3 za kwanza mnyama ana hofu, huenda asile vizuri, na tabia anayoonyesha si yake. Kufika wiki 3 ameshajua ratiba, na hapo ndipo huanza kutafuna viatu na kujaribu mipaka. Miezi 3 ndiyo kipimo halisi. Wengi wanaorudisha hurudisha kabla hata wiki 3 hazijaisha. Kwa hiyo mwanachama aliyeitembelea nyumba apige simu siku ya 3, wiki ya 3 na mwezi wa 3, na mwombaji aambiwe mapema kwamba atapigiwa.

Paka apewe chumba kimoja kwanza, si nyumba nzima. Awekewe karai lenye mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi, mbali na sahani ya chakula, kwa kuwa paka hali karibu na choo chake. Akijificha nyuma ya friji asivutwe. Atatoka usiku nyumba ikitulia. Lakini akipitisha siku mbili bila kula, hasa paka mnene, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mafuta huanza kujaa kwenye ini na hali hiyo huua.

Sasa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, ambao naomba tusiupite haraka. Mtoto wa mbwa huanza chanjo za mseto, zinazokinga magonjwa kadhaa kwa pamoja, akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama: ikiwa bado na nguvu, huizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa macho itaisha lini. Mtoto aliyechanjwa mara moja hajakingwa. Tena virusi hukaa mwilini siku 3 hadi 7, wakati mwingine hadi 14, kabla ya dalili. Ndiyo maana mtoto huondoka kituoni akiruka-ruka, na wiki haijaisha anakataa chakula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu kali. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Kinachomuua ni kuishiwa maji pamoja na bakteria wanaopenya utumbo ulioharibika, kwa hiyo anahitaji dripu na daktari siku hiyo hiyo.

Virusi hivyo hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Sakafu ya saruji huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 30 za maji, iachwe dakika 10. Ukimwaga dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Uwanja wa udongo hausafishiki. Kanuni tunayowaletea ni hii: nyumba iliyofiwa na mtoto wa mbwa kwa kuharisha ndani ya mwaka uliopita ipewe mbwa mzima mwenye chanjo kamili, si mtoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, na kadi iende na mnyama. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na unategemea kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kila mbwa anayepitia mikononi mwetu ahesabiwe humo. Mtu akiumwa, hata na mbwa mwenye kadi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali.

Chakula. Ugali na maziwa ndicho anachopewa paka katika nyumba nyingi, na hakimtoshi. Paka ni mla nyama, na asipopata taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, macho na moyo vyake huharibika polepole. Omena iliyochemshwa bila chumvi inamfaa, na apewe pamoja na supu yake, maana taurini huyeyukia majini. Maziwa humharisha paka mzima. Mbwa anaweza kula ugali, mradi uchanganywe na nyama, matumbo au omena. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, huvunjika kwa ncha kali. Ukibadilisha chakula cha kituoni, badilisha kidogo kidogo kwa siku 7.

Kupe wa Nairobi hawana likizo, na wakati wa mvua huzidi. Fizi za mbwa mwenye kupe zikipauka na mkojo ukawa kama chai ya rangi, ni dharura. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa kukisia, na kwa paka isitumike kabisa: amitrazi na permethrini, dawa za kuua kupe, humuua paka. Panadol nayo ni sumu kwake, hata kidonge kimoja.

Kuhusu kuhasi, pengo letu liko kwa wanaoondoka wakiwa wadogo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, na mbwa jike hubeba mimba kama siku 63 tu, hivyo "tutampeleka baadaye" huzaa kituo kingine cha wanyama. Kamati inapendekeza dhamana inayorejeshwa mnyama akishahasiwa. Baada ya upasuaji avae kola ya koni, asioge, na nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14. Napenda pia tuwatetee mbwa wa mitaani wenye uvimbe unaotoka damu sehemu za siri. Waombaji huwakimbia, ilhali ugonjwa huo kwa kawaida hutibika kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki, mara nyingi 4 hadi 6. Kumnyima makao mbwa anayetibika si haki.

KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, pale Karen na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete ni mahali ambapo mwombaji mgeni anaweza kuuliza kabla ya kuamua. Tuwaelekeze huko badala ya kuwaahidi tusiyoyajua.

Leo mtapigia kura mambo manne: ziara kabla ya kuchukua, kanuni ya parvo, dhamana ya kuhasi, na kusitisha kuwatoa wanyama wiki ya Diwali na kuanzia Desemba 20 hadi mwaka mpya. Fataki huwatoa mbwa mbio usiku, na aliyefika juzi hajui njia ya kurudi. Tunahitaji pia watembeleaji wa nyumba upande wa Embakasi, Kasarani na Dagoretti, na watu wa kushika mbwa siku ya chanjo, Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Anayejitolea kushika awe mwenyewe amechanjwa. Daftari la majina liko mezani kwa katibu.