Tutengeneze paa kwanza, dari baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoenea hapa Dodoma ya kukarabati dari iliyoloa kabla mtu hajapanda juu kutafuta panapovuja. Nyumba ninayopanga Ipagala imepakwa rangi darini mara mbili ndani ya miaka miwili, na mara zote doa la kahawia lilirudi palepale. Safari ya mwisho likaja na kipande cha jipsamu kilichoangukia kitanda cha mtoto, ambaye kwa bahati alikuwa shuleni.

Kinachotudanganya ni kiangazi chetu. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha miezi mingi hupita bila tone la maana. Fundi anayeitwa mwezi wa Juni huikuta dari imekauka, akakwangua, akapaka puti na rangi ya maji, akalipwa, na mwenye nyumba akaridhika kwa kuwa hakuna cha kuijaribu kazi hiyo mpaka Desemba, wakati ambapo simu ya fundi haipatikani tena. Kumbe jua hilohilo lililokausha dari ndilo linaloharibu paa. Bati la mita 6 likipandishwa joto kwa nyuzi 40 tangu alfajiri hadi saa nane mchana hurefuka karibu milimita 3, na usiku hunywea tena. Mvutano huo wa kila siku, pamoja na upepo wa Julai na Agosti, hulegeza misumari na kuzipasua raba zake, na tundu linalobaki halionekani kwa aliyesimama chini.

Tembe za Wagogo, zenye paa bapa la udongo juu ya miti, hazikumpa mtu nafasi ya kujidanganya hivi: likivuja, kilichotengenezwa ni paa, maana dari ya kupaka rangi haikuwapo.

Jambo jingine linalopotosha ni kwamba maji hayashuki wima. Yakipenya penye kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, au kwenye msumari, hufuata papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na kudondoka mita mbili au tatu mbali na yalipoingilia, hivyo kuziba bati lililo juu ya doa mara nyingi ni kazi bure. Njia ninayoiamini ni mtu mmoja kuingia darini wakati wa jua kali, tochi ikiwa imezimwa, aone vitundu vinavyopitisha mwanga. Halafu mwenzake amwagie paa maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda polepole hadi kwenye kofia. Katika nyumba za mtindo wa sasa, ambazo bati limefichwa nyuma ya ukuta, aanze na mfereji wa ndani, kwani vumbi letu na majani huuziba, na maji yakijaa hurudi ndani ya nyumba.

Paa likishapona ndipo dari ishughulikiwe. Ikiwa bado imetuna maji, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, ndoo iwekwe chini, na tundu dogo litobolewe kwenye uvimbe, kwa sababu kila lita inayobaki juu ni kilo moja inayoning'inia. Jipsamu iliyokauka ikabaki ngumu na iliyonyooka yaweza kuachwa. Inayobonyea kwa kidole gumba ikatwe hadi katikati ya mbao zinazoishikilia, kiwekwe kipande cha unene uleule kwa skrubu, na maungio yapakwe puti juu ya tepu ya wavu. Doa nalo lifunikwe kwanza kwa rangi ya mafuta, kwani rangi ya maji huliyeyusha na kulipandisha juu tena. Huko ndiko zilikopotelea fedha za mwenye nyumba wangu mara mbili.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba wasimlipe fundi wa dari kabla paa halijamwagiwa maji mbele yao. Wangu amekubali paa lijaribiwe Jumamosi hii, kwa sharti kwamba bili ya maji nilipe mimi, nami nimekubali.

Mpangaji,
Ipagala, Dodoma.