Winnow si kuchuja, ni kupepeta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya neno moja tu la Kiingereza. Nimefundisha somo hilo katika shule za msingi za mkoa huu wa Dodoma miaka mingi kabla ya kustaafu, na mpaka leo neno likifundishwa kombo silali vizuri.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliniletea kitini alichopewa kwenye masomo ya ziada. Ndani kuna orodha ya vitenzi, na mahali fulani wameandika hivi: "winnow – kuchuja". Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema, "Ndiyo bibi, kama kuchuja chai." Wakati anasema hayo, mama yake alikuwa uani, amesimama upande wa upepo, ungo mkononi, anapepeta uwele. Makapi yalikuwa yamemjaa kwenye kanga aliyojitanda kichwani. Kitendo chenyewe kilikuwa hatua tano kutoka pale mtoto alipokaa, na kitini kikampeleka kwenye chujio la chai.

Kuchuja ni kazi ya matundu na kitu cha majimaji: chai, tui, togwa. Kuchekecha nako kunataka matundu, ila hapo kinachotenganishwa ni kidogo na kikubwa. Ungo hauna tundu hata moja. Anayepepeta anairusha nafaka, upepo unachukua kilicho chepesi, kizito kinarudi ungoni. Hapo kinachoamua ni uzito. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa wakati wa mavuno ukaangalie: chekeche linashusha mchanga na chenga, ungo unaondoa pumba na vumbi. Akina mama wanaofanya kazi ile hawawezi kukuchanganyia maneno hayo, maana kila kazi ina chombo chake.

Na winnow ni ile ya ungo. Neno lenyewe linajieleza ukilifuata lilikotoka. Waingereza wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walisema windwian, na walilitoa kwenye wind, yaani upepo. Karne zilivyopita ile d ikamezwa, zikabaki n mbili, na mwisho wa neno ukatulia kuwa -ow. Ukiongeza -ed au -ing hakuna herufi inayorudiwa: winnowed, winnowing.

Tahajia yake inawasumbua watoto kweli. Likitamkwa, sikio la Mswahili husikia wino. Niliwahi kulisoma kwa imla, mtoto wa dawati la mbele akaandika "wino" kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha akanyanyua kalamu yake kunionyesha kwamba amelielewa. Wengine huandika n moja. Wengine huandika window, dirisha, na hao niliwakata kwa kalamu nyekundu bila huruma. Baadaye sana nikaja kujua kwamba window nalo ni mtoto wa upepo. Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia waliosema vindauga, maana yake jicho la upepo, maana dirisha la zamani lilikuwa tundu tu la kuingizia hewa. Kwa hiyo winnow na window ni ndugu, na ile d waliyoiandika wanafunzi wangu ilikuwemo kweli zamani. Laiti ningelijua hilo mapema, kosa lile ningelifanya somo la siku nzima.

Sasa tazama Kiswahili. Upepo, kupepea, pepeo, kipepeo, kupeperuka, kupepeta. Maneno haya yanapumua hewa moja. Waingereza na sisi, bila kuulizana, tulipotafuta jina la kazi ile tuliliokota mahali pamoja, kwenye upepo. Warumi nao vivyo hivyo: upepo kwao ni ventus, na ventilare ilikuwa kupepea na kupepeta, ndilo lililowapa Waingereza ventilate, ambalo leo ni kuingiza hewa nyumbani. Ungo wa Warumi uliitwa vannus. Waingereza wakauchukua wakauita fann, baadaye fan, na sisi tukaupokea ukiwa umeshakuwa wa umeme: feni. Zile feni zinazozunguka kwenye dari za ofisi zetu hapa Dodoma, jina lao lilianza likiwa la chombo cha kupepetea nafaka. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yohana Mbatizaji akimtaja yule ajaye mwenye pepeto mkononi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 pale pale pa pepeto imeandika fan.

Simlaumu aliyeandika kitini kana kwamba alibuni tu. Nadhani najua alikopotelea. Winnow ina maana ya pili, ile ya kupunguza vilivyo vingi mpaka vibaki vinavyofaa: majina ya waombaji kazi, hoja, ushahidi. Maana hiyo kwa Kiswahili cha magazeti tunaisema kuchuja, na mji huu wa vikao unalijua sana neno mchujo. Basi ameichukua maana ya pili, ya kwanza akaiacha, na mtoto wa darasa la sita hawezi kujua kwamba hapo chai haihusiki. Hata kwa maana hiyo ya pili tunalo neno lililotoka ungoni moja kwa moja, nalo ni kupembua. Kila siku maofisini husemwa upembuzi yakinifu wa barabara hii au bwawa lile. Kupembua ni kuucheza ungo taratibu hadi chenga na mawe vijitenge, mkono uviondoe. Wahandisi wanalitumia neno la mama zetu, sijui wangapi wanakumbuka.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba jambo hili limetokea huku kwetu. Mkoa wetu ni wa uwele na mtama. Mvua ikishakatika, kipupwe kinavuma kavu kuanzia Juni, na kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa kila ua una mtu anayepura au kupepeta. Mtoto wa huku ameishika kazi hii kwa mikono yake kabla hajashika kalamu. Kumfundisha winnow hakuhitaji picha ya kitabu wala maelezo marefu. Mtoe nje, mpe ungo na kibaba cha uwele, mwambie ageukie upande upepo unakotoka aone makapi yanavyomrudia usoni, kisha ageuke. Neno litamkaa. Mwalimu anayesema hana vifaa vya kufundishia Kiingereza kijijini, kwa neno hili na mengine mengi ya shambani, vifaa viko jikoni kwa mama wa mwanafunzi.

Ninaomba mambo mawili, Mhariri. Kama gazeti lako lina nafasi ya wanafunzi, liandikwe humo neno hili pamoja na wenzake: thresh ni kupura, winnow ni kupepeta, sift ni kuchekecha, strain ni kuchuja. Manne hayo yakipangwa pamoja kila moja linamlinda mwenzake. La pili ni kwa wanaochapa vitini vya masomo ya ziada: kabla ya kuchapa, mpeni mtu anayejua lugha zote mbili avipitie. Cha mjukuu wangu nimeshakisahihisha kwa kalamu, lakini anasema darasani kwao wako arobaini na wawili, na kila mmoja ana chake.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma