Wakala ana yurea, chokaa hana

Mhariri,

Msimu huu nilipanga foleni kwa wakala wa pembejeo hapa kwetu Mbinga, namba ya usajili mkononi. Zamu yangu ilipofika nikaulizia chokaa. Kijana wa dukani akanitazama: "Mzee, ya kupaka nyumba?"

Simlaumu. Mbolea za yurea na DAP zilijaa hadi darini, chokaa ya kilimo, ile ya kupunguza tindikali ya udongo, hajawahi kuletewa.

Shamba langu la mlimani nilirithi kwa baba likiwa na ngoro. Kwa asiyezijua: kuanzia Februari nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi. Pembeni panakuwa tuta, katikati shimo. Machi tunapanda maharage juu ya tuta. Mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zikianza, nyasi zikiwa zimeshaoza. Maji hutuama shimoni, hayakimbilii mtoni na udongo wetu.

Miaka minne iliyopita niliziacha ngoro kwenye ekari moja na nusu. Vibarua wa ngoro ni ghali, vijana wako kwenye bodaboda, na mbolea ya ruzuku ilikuwa imefika. Nikachoma nyasi, nikapiga matuta ya kawaida, nikaweka DAP ya kupandia na yurea ya kukuzia. Mwaka wa kwanza nilivuna hadi nikawacheka majirani. Mwaka wa tatu mahindi yakawa manjano yangali mafupi. Nikaongeza mfuko wa yurea; yakabaki vilevile, na mvua ya Machi ikachimba mfereji ambao mbuzi wangu alitumbukia akashindwa kutoka.

Mtaalamu alipopima udongo, pH, kipimo cha tindikali ambacho kikishuka chini ya 7 tindikali huzidi, ilisoma 4.7. Akanieleza kwamba udongo wa huku una tindikali ya asili, na mbolea hizi kila mwaka huizidisha. Ikishazidi, fosforasi ya DAP hunaswa na chuma na alumini, mizizi isiipate. Naitrojeni ya mbolea ambayo mahindi hayakuila, nyingine husombwa na maji, nyingine vijidudu vya udongo huigeuza gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kilo moja hupasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ukaa kwa miaka 100. Kumbe ule mfuko wa nyongeza niliulisha mto na mawingu!

Sisemi yurea ni sumu, wala sisemi wote turudi kwenye ngoro. Mke wangu anasema ngoro ni tamu kwa mwandika barua. Kwa desturi yetu mwanamume hulaza nyasi, mwanamke ndiye anayeinama na jembe kufukia. Hapo sina la kumjibu.

Ninachoomba ni hiki: halmashauri inapoagiza mifuko ya msimu ujao, iagize na ya chokaa, na kipimo cha udongo kifike kijijini kabla ya lori la mbolea. Mimi niliagiza chokaa Mbeya kwa fedha zangu, nauli ikazidi bei ya chokaa yenyewe.

Nusu ekari yenye mteremko mkali tumeirudishia ngoro mwaka huu, safari hii tukifukia wote wawili. Maharage yameshaota. Ile ekari iliyobaki inangoja lori la Mbeya.

Mkulima,
Mbinga, Ruvuma