Somo, pembe zinapotelea miguuni

Naliendele, Mtwara
14 Julai

Kwako somo yangu,

Barua yako na picha za daftari nimezipata juzi. Huku hatujambo. Kusi limeshika kasi, mikorosho imechanua, na kwa hiyo kila kitu kinanuka salfa wanayopulizia maua, mpaka mito ya kulalia. Shemeji yako anakusalimu, na anadai pweza wakavu uliomwahidi tangu Idi. Mimi simo.

Sasa tuje kwenye shida yako ya upimaji huko Ng'apa, Lindi. Travasi (mzunguko wa mistari ya kupima unaorudi ulikoanzia) ya vituo 9, jumla ya pembe za ndani ilipaswa kuwa 1260° kamili, wewe umepata 1260°02′50″. Unasema teodolaiti, mashine ya kupimia pembe, uliyokabidhiwa ni kuukuu, inasoma sekunde 20 za pembe, nzito kama jiwe la kusagia, na sasa unataka kumshawishi bosi wako akodi mashine ya sekunde 1 kutoka Dar. Usimshawishi. Hela hiyo mpeni seremala akaze miguu ya tripodi, nunueni timazi nzuri, na chenji itabaki. Ukiweka mashine ya sekunde 1 juu ya miguu inayocheza, itakupa jibu lilelile lisilofunga, ila kwa tarakimu nyingi zaidi.

Kwa uzito usilalamike sana. Ile teodolaiti kubwa ya Jesse Ramsden, waliyoitumia Waingereza kuanzia 1787 kuunganisha vipimo vya Greenwich na Paris, ilikuwa na duara la futi 3 na uzito wa kilo 90 hivi. Wewe yako unaipakia kwenye bodaboda.

Nimekaa na kurasa zako jioni nzima. Kilichonishtua si pembe, ni umbali ulioandika pembeni: mita 28, mita 33, mita 41. Najua umefikaje hapo. Mkorosho wa mtu haukatwi, na msimu huu wa maua hata tawi ukiligusa unaitiwa mjumbe. Basi mtu anapenya penye upenyo, anakata kona, anaongeza kituo, anakata kona tena. Mimi pia hufanya hivyo, hakuna namna nyingine. Lakini ukishakubali miguu mifupi, yaani mistari mifupi kati ya kituo na kituo, umekubali pia sheria yake, na sheria yenyewe ni hesabu ndogo tu.

Sekunde 1 ya pembe, kwa mtu aliyesimama kilomita nzima mbele yako, ni kama milimita 5. Sasa geuza. Timazi inayoning'inia chini ya mashine yako ikae milimita 3 pembeni ya msumari wa kigingi cha kituo, na nguzo unayoilenga iko mita 30: mwelekeo umeshapotoka kwa sekunde 20. Milimita 3 zilezile, nguzo ikiwa mita 300, ni sekunde 2 tu, wala huzioni. Na pembe ina mielekeo miwili, wa nyuma na wa mbele. Ukiwa na bahati mbaya, makosa ya pande zote mbili yanajumlishana. Juu yake weka kosa la yule kijana aliyeshika nguzo, maana naye anasimama juu ya msumari wake kwa makadirio yake. Vituo 9 vya namna hiyo vikikupa dakika 2 na ushei, mimi sishangai hata kidogo.

Kwa hiyo kazi yako kubwa iko chini, kwenye kigingi. Mchanga wa Naliendele naujua, na huo wa kwenu nadhani ni ndugu yake: unakanyaga mguu wa tripodi unadhani umeshika, unazunguka kwenda upande wa pili kusoma, kiputo cha usawa kimeshahama. Mimi hubeba vigingi vitatu vifupi vya ziada. Napigilia kila kimoja mpaka kigome, halafu mguu wa tripodi unakaa juu ya kigingi, si juu ya mchanga. Inaongeza dakika chache kwa kila kituo, na vibarua wananung'unika. Waache wanung'unike.

Timazi na upepo wa kusi haviendani. Ukiona inayumba, usikisie katikati ya myumbo. Zungushia gunia au turubai upande wa upepo, subiri itulie. Kama mashine ina kile kijicho cha kutazamia chini, tumia hicho, ila ukikague kwanza: weka sawa kiputo, lenga msumari, kisha izungushe mashine 180°. Msumari ukitoka kwenye alama, kijicho kimepotoka, na utakuwa unajidanganya kwa uhakika mkubwa. Kiputo nacho hukaguliwa hivyohivyo. Kikihama baada ya kuzunguka 180°, rudisha nusu ya kilivyohama kwa skrubu za miguu ya mashine. Nusu iliyobaki ni ugonjwa wa kiputo chenyewe, si wa mashine kuinama.

Hapo kwenye kiputo nataka usome polepole, kwa sababu umeandika kwamba “nimesoma nyuso zote mbili, kwa hiyo makosa yamejifuta.” Si yote. Kusoma uso wa kushoto na uso wa kulia, yaani duara la wima likiwa kushoto kwako kisha kulia, halafu kuchukua wastani, kunafuta kosa la darubini kutokuwa mraba na ekseli yake (mhimili inaozungukia), na kunafuta kuinama kwa ekseli hiyo ya mlalo. Hakufuti kuinama kwa ekseli ya wima, yaani kiputo kilichokaa vibaya, kwa sababu kosa hilo linabaki upande uleule mashine ikigeuka. Bondeni, nguzo zikiwa usawa wa jicho, halikuumizi. Ukianza kulenga juu ya mlima, linauma: mashine imeinama sekunde 30, unalenga kitu kilicho 20° juu, kwenye mwelekeo mbaya kabisa unapoteza sekunde 11. Wala kusoma nyuso mbili hakufuti kukaa nje ya msumari. Hata ukisoma mara 50, utapata wastani mzuri sana wa pembe ya mahali ambapo si kituo chako.

Hii hapa moja ya kwangu wiki hii, uone ninavyoandika. Uso wa kushoto: nyuma 0°00′20″, mbele 87°14′40″, pembe 87°14′20″. Nikageuza darubini. Uso wa kulia: nyuma 180°01′00″, mbele 267°15′10″, pembe 87°14′10″. Wastani 87°14′15″. Lakini kabla sijafurahia wastani, natazama tofauti ya nyuso kwenye kila nguzo baada ya kutoa 180°: nyuma sekunde 40, mbele sekunde 30. Zinakaribiana, basi ni kosa la mashine, na kosa la mashine halinitishi. Zingekuwa sekunde 40 na dakika 2, ningejua nimelenga vibaya au kuna kitu kimesogea, na ningerudia palepale kabla ya kung'oa tripodi. Kwenye ukurasa wako wa kituo cha 4 tofauti hizo ni sekunde 20 nyuma na dakika 1 na sekunde 40 mbele, na umechukua wastani ukaendelea na safari! Baada ya hapo mimi hufanya duru ya pili nikianzia karibu na 90°, ili nisome sehemu nyingine ya duara.

Nguzo zile za nyekundu na nyeupe ni za kuonyesha njia, si za kulenga mita 30. Nguzo ya mita 2 ikiinama digrii 1 tu, na huyo kijana wako hawezi kuiona digrii 1, kichwa chake kimehama sentimita 3 na nusu. Ukilenga kichwa kwa mita 50, umekosea dakika 2 na sekunde 24. Jumla ya kosa lako lote ni dakika 2 na sekunde 50, fikiria mwenyewe. Lenga chini kabisa, kwenye ncha. Kama majani yanazuia, yafyeke hayo, hayana mwenyewe. Bora zaidi, funga mianzi mitatu, ning'iniza timazi juu ya msumari, weka karatasi nyeupe nyuma ya uzi na ulenge uzi. Kabla ya kulenga, elekeza darubini kwenye anga na uukoleze msalaba wa ndani yake peke yake, uonekane wazi, kisha ndiyo uukoleze uzi. Tikisa kichwa kushoto na kulia: uzi ukicheza juu ya msalaba, bado. Na skrubu ndogo ya kusogeza imalizie daima kwa kukaza, si kwa kulegeza, springi isije ikachelewa kufuata.

Saa za kazi ndizo zinazonisumbua mimi mwenyewe. Kuanzia saa nne hivi jua likishachemsha mchanga, uzi unacheza ngoma kwenye darubini, hakuna cha kusoma. Alfajiri ndiyo yenyewe, hewa imetulia. Lakini alfajiri hiyohiyo hewa ikiwa imetulia na majani yana umande ndiyo wenye mikorosho wanapuliza salfa, na hawawezi kungoja, ugonjwa wa ubwiri unga haungoji. Nimepatana na wa hapa: wakipuliza upande wa mashariki, mimi niko magharibi. Vumbi likishatua kwenye lenzi usifute kwa shati. Lipeperushe, kisha brashi laini, la sivyo unasugua kioo kwa msasa. Na mwavuli uwepo muda wote, mashine isipigwe jua upande mmoja.

Hiyo 2′50″ usiigawe kwenye vituo vyote kama pilau ya shughuli. Kwa kanuni tuliyozoea, sekunde 20 mara kipeuo cha pili cha idadi ya vituo, vituo 9 vinakuruhusu dakika 1. Kosa likiwa ndani ya hapo, gawa. Likizidi, tafuta. Piga koodineti za travasi, namba za mahali pa kila kituo, ukienda mbele, kisha uzipige tena ukirudi kinyumenyume kutoka palepale. Zikitofautiana kote isipokuwa kwenye kituo kimoja, kimbilia kituo hicho. Nina dau langu kwenye cha 4. Zikiwa hazikubaliani popote, basi kosa limetawanyika kwenye misumari yote, na itabidi urudie ile miguu yote iliyo chini ya mita 50.

Hiyo ya kurudia usiifanye kwa tripodi moja. Nina tripodi mbili zenye vitako (vya kukalia mashine au shabaha) vinavyoingiliana na mashine yako, pamoja na shabaha zake. Mashine inakaa katikati, shabaha nyuma na mbele. Ukimaliza, unachomoa mashine kwenye kitako na kuiweka penye shabaha ya mbele bila kugusa miguu. Kule ulikokuwa unalenga ndiko hasa unakosimama, kwa hiyo kosa la kukaa haliingii kwenye pembe mbili kwa namna mbili tofauti. Kwa miguu mifupi ya mikoroshoni sijaona dawa inayoikaribia hiyo.

Jumamosi kuna gari la mtu linakwenda Lindi, nitaziweka humo. Shuka Mingoyo uzipokee njiani, dereva hapandi mpaka Ng'apa. Zifunge na kitambaa kwenye vitako, mchanga usiingie kwenye nyuzi za skrubu, na zirudi kabla ya mwisho wa mwezi, nina viwanja vya watu Mikindani. Pweza warudi na gari hilohilo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako