Ulitutazama saa ngapi?

Kilindoni, Mafia
Mwishoni mwa Februari

Ndugu yangu mpenzi wa Pangani,

Salaam nyingi, na baada ya salaam natumaini barua hii itakukuta u mzima wewe pamoja na mama, ambaye naomba umfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi sijambo. Nilikuahidi kwamba safari hii ningekuandikia nikiwa bado kisiwani, siyo baada ya kurudi Dar es Salaam nikiwa nimekwisha kusahau nusu ya mambo, na leo nimepata wasaa kwa sababu chombo cha kuvukia kwenda Nyamisati kimeahirishwa hadi kesho asubuhi.

Uliniuliza visiwa vinanipa nini hata nisichoke kuvirudia, na tena ukauliza kama mji mdogo kama wenu una jambo lolote la kuandikwa na mtu aliyezaliwa humo. Maswali hayo mawili nayaona kuwa ni moja, na nitakujibu kwa kukueleza kosa langu mwenyewe.

Miaka saba iliyopita nilikuja Mafia kwa siku tatu, nikaandika makala ambayo watu wengi waliisifu. Ndani yake nilieleza kijiji kimoja cha ghuba ya Chole kuwa ni kijiji kilicholala, chenye mabaraza matupu na milango iliyorudishwa, mahali ambapo wakati umesimama. Safari hii nimerudi kijijini hapo, na mzee mmoja aliyekuwa amesomewa makala ile na mjukuu wake alinikaribisha barazani, akaniagizia kahawa, akaniacha nimalize kikombe, ndipo akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, ulitutazama saa ngapi?” Nikamjibu kwamba ilikuwa saa nne asubuhi. Akauliza tena, “Na mwezi ulikuwa na siku ngapi?” Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua daftari langu la zamani, ambalo huwa nasafiri nalo, nikakuta nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilifika siku mbili baada ya mwezi mpevu.

Wewe uliyekulia kando ya maji umekwisha kuelewa. Lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na saa hizo mwamba huachwa wazi mbali sana na ufuko, kwa hiyo wanawake wa kijiji walikuwa huko wakichokoa pweza, na wanaume waliotoka usiku walikuwa wamelala majumbani mwao baada ya kazi, au bado wako nje ya ghuba wakisubiri maji yajae ili vyombo vyao viweze kuingia. Kijiji hakikuwa kimelala hata kidogo. Mimi ndiye niliyepita wakati wenyewe hawapo, nami nikawaandika kwa kutokuwapo kwao.

Siku ya pili niliomba ruhusa nikafuatana na kina mama hao kwenda mwambani. Aliyenichukua ni mama wa makamo, aliyeshika fimbo ya chuma na kujifunga kikapu kiunoni, na kwa nusu saa nzima sikuona pweza hata mmoja ilhali yeye alikwisha kupata wanne. Hatimaye alisimama, akanionyesha kwa ncha ya fimbo tundu dogo ambalo mbele yake palikuwa na vipande vya makombe vilivyosukumwa pembeni, kama taka zilizofagiwa mlangoni na mwenye nyumba aliye nadhifu. Pweza hula ndani akatupa maganda nje, na anayejua kusoma kizingiti hicho hana haja ya kumwona mwenyewe. Mama yule alikuwa akitazama pia mstari wa povu kule nje, na kabla sijahisi mabadiliko yoyote miguuni alisema twende, maji yamegeuka. Tulipofika pwani mnunuzi alikuwa tayari na mizani yake, na nyuma yetu mahali tulipokuwa tumesimama palikuwa pamekwisha kufunikwa.

Nilivuka pia hadi Jibondo, kisiwa kikavu cha mawe ambacho kwa asili hakina maji matamu ila ya mvua, na ambacho watu wake kwa miaka mingi walivusha madumu ya maji kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Huko ndiko waliko mafundi wa vyombo wanaojulikana pwani nzima. Nilikaa karibu siku nzima na fundi mmoja aliyekuwa akitia kalafati mashua iliyopandishwa juu ya magogo. Alisokota pamba kwa kiganja juu ya paja mpaka ikawa uzi mnene, akaizamisha katika mafuta, akaisukuma kati ya mbao mbili kwa patasi butu, akigonga polepole kutoka tezi hadi omo. Kila alipomaliza urefu wa mkono alirudi nyuma akapitisha kidole gumba juu ya mshono, macho akiyaelekeza kwingine. Nilimwuliza anajuaje kwamba pamba imetosha. Alinipa nyundo, akaniambia nigonge mahali palipojaa na mahali ambapo bado, nisikilize. Palipojaa mlio ni mkavu na mfupi, na ambapo bado mlio unazama. Alijifunza hayo kwa babu yake, kabla hajaruhusiwa kushika tezo.

Sasa niambie, ndugu yangu, wakati umesimama wapi hapo? Hata ukiacha kazi za kila siku na kutazama mambo ya zamani, ni nadra kuona kisiwa ambacho mji wake mkuu umehama kama huu. Kule Kisimani, upande wa magharibi, palikuwa na mji ambao bahari imeula kidogo kidogo mpaka umebaki kuwa vigae vya vyungu mchangani. Kua, katika kisiwa cha Juani, ulikuwa mji wa misikiti na nyumba za mawe hadi mwanzoni mwa karne ya 19, ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, na leo mizizi ya miti imeshika kuta zake kama vidole. Kisha ukaja mji wa Chole, ambao Wajerumani waliufanya makao yao baada ya 1890, na mwaka 1913 wakahamishia ofisi Kilindoni ambako meli kubwa ziliweza kutia nanga. Hawakufaidi sana, maana Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa, na Julai mwaka huo ndege zilizoruka kutoka hapa ndizo zilizoelekeza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji. Mzee wa barazani anayataja mambo haya bila kushangaa. Yaliyobaki Chole leo ni magofu, mibuyu, na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa katika miembe.

Sitaki nikuchoree pepo, kwa kuwa kufanya hivyo ni kurudia kosa lile lile kwa njia nyingine. Mgonjwa mwenye haja ya daktari bingwa inambidi avuke bahari, na usiku bahari haina huruma kwa mama mwenye uchungu. Vijana wengi wanaomaliza shule huondoka. Tangu Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza katika nchi yetu, baruti zilizokuwa zikivunja matumbawe zimepigwa vita, nami nashukuru kwa hilo, lakini nimewasikia wavuvi wakieleza kwa uchungu maeneo waliyorithi kwa baba zao ambayo sasa hawana ruhusa ya kutega dema, na malalamiko yao hayastahili kupuuzwa na mgeni aliyekuja kumwona papa potwe kwa saa mbili na kuondoka. (Nimemwona, ndiyo. Alipita chini yangu na madoa yake meupe, kimya, mrefu kuliko mashua tuliyokwenda nayo, na nilipotoka majini nilikaa muda mrefu bila kusema neno.)

Hapa Kilindoni nimepanga chumba karibu na soko. Siku ya tatu muuza vitumbua alijua kwamba sinywi chai ya sukari, na siku ya tano nilipochelewa kutoka alimtuma mtoto kuja kuangalia kama ni mzima. Meli inaposhusha simenti na mabati mji mzima hujua nani kaletewa nini, na jioni ile ile mtu hana njia ya kusema hana mabati. Wako watu ambao jambo hili huwabana, na nawaelewa. Mimi lilinifundisha kuamkia watu kabla ya kuuliza swali lolote, na nikiuliza, kusubiri jibu mpaka liwe tayari.

Ndiyo maana nakusihi uandike habari za Pangani wewe mwenyewe, usimwachie mpita njia kama mimi. Wewe unajua ni saa ngapi kivuko cha kwanza kinakwenda Bweni, ng'ambo ya mto, nani huvuka nacho na mizigo gani, na mto unapofurika rangi yake hubadilika kuanzia upande upi. Daraja la kuvuka mto huo likikamilika foleni ile ya kivukoni haitakuwapo tena, na pamoja nayo yataondoka mazungumzo yote yaliyokuwa yakifanyika pale watu wakisubiri. Shuka gatini hata kesho, alfajiri, ukiwa na daftari. Kisha urudi saa nne, na tena magharibi, maana huo si mji mmoja.

Kaskazini ya kisiwa hiki nako kuna kijiji kiitwacho Bweni, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Nilipowaambia watu wa huko kwamba nina rafiki anayekitazama Bweni kingine ng'ambo ya mto kila siku, bibi mmoja aliniuliza kama watu wake nao wanasuka mikeka. Nimeahidi kumletea jibu. Tafadhali uliza, uniandikie, na ikiwezekana upeleleze pia wanatumia rangi gani.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo akupendaye.