Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbu Yumo Uani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumetembea sana, na nakiri mapema kwamba sehemu kubwa ya mwendo huo ilielekea kusiko. Masika yote tulichota madimbwi ya bonde la Msimbazi na mitaro ya Mbagala tukisaka viluwiluwi vya anofelesi, mbu wa malaria. Haikuwa kazi bure. Vijana wetu sasa wanawatambua kwa macho: wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, wa kyuleksi, yule wa matende na mabusha, huning'inia kichwa chini akipumulia bomba la mkiani.

Lakini jiji hili la Dar es Salaam lilipigwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, edesi, hana haja na bonde. Anataka maji yaliyotulia ndani ya fensi zetu: pipa, tairi chakavu, kifuu, kisahani cha chungu cha maua. Huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi, chombo kisuguliwe.

Kuingia uani ndiko kulikotushinda. Uswahilini tulikaribishwa, na chai tukapewa. Kwenye mageti, mlinzi alisema bosi hayupo, hata pale gari liliponguruma ndani. Kuanzia vuli kila timu itaongozana na mjumbe wa mtaa, na barua itangulie siku mbili.

Nami sina pa kujificha. Binti yangu alichota kikombe kwenye ndoo ya kudekia niliyoisahau nyuma ya jiko: viluwiluwi sita, wanajikunja na kujikunjua. Nimewaandika daftarini kwa namba ya nyumba yangu, kama ningemwandika jirani.

Pawa mbili za kuchotea viluwiluwi zimepasuka na betri za mitego ya mwanga zimechoka. Mhazini atalieleza hilo.

La mwisho ni simtanki. Yupo anofelesi mgeni kutoka Asia, stephensi, anayezaliana kwenye matangi ya mijini. Djibouti walimgundua mwaka 2012, na majirani zetu Kenya ameshaonekana. Sisi ni mji wa bandari. Atakayekuta kiluwiluwi amelala sambamba ndani ya tangi asimwage: amtie kwenye chupa, aandike mtaa na tarehe, amfikishe kwa katibu siku hiyo hiyo.