"Nipe yangu, ya juu utajua mwenyewe"

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie madalali wa nyumba na viwanja. Kodi ikipanda ghafla, kiwanja kikiuzwa mara mbili, lawama zote humwangukia dalali, na nyingi anazistahili. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi huu huanzia kwenye maneno machache ambayo kwa kawaida hayatoki kinywani mwa dalali. Yanatoka kwa mwenye nyumba: "Mimi nipe laki na thelathini yangu, ya juu utajua mwenyewe."

Tupige hesabu ya maneno hayo kwa chumba na sebule pale Tabata. Mwenye nyumba anataka 130,000 kwa mwezi. Dalali anamtajia mpangaji 150,000. Kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo mpangaji anatoa 900,000 na mwenye nyumba anapokea 780,000. Zinazobaki katikati, 120,000, ndizo mtaani zinaitwa cha juu. Bado mpangaji anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja kama udalali, na mwezi huo unahesabiwa kwa bei iliyopandishwa, yaani 150,000. Hapo alishatoa 10,000 au 20,000 ya kuonyeshwa nyumba, hata zile ambazo hakuzipenda. Dalali ameondoka na zaidi ya 270,000 kwa mlango mmoja, na mpangaji anaamini udalali wake ulikuwa 150,000.

Siri hiyo ina umri wa miezi sita. Kodi ya pili mpangaji anaipeleka mwenyewe. Anahesabu 900,000 mezani, mwenye nyumba anamwangalia, daftari lake linasema 780,000. Mpangaji anatoa karatasi aliyoandikiwa na dalali: 900,000. Kuanzia hapo kila mmoja anamshuku mwenzake, na wapo wenye nyumba wanaonyamaza na kuipokea ile ya juu, kodi ikawa imepanda bila mtu kuipandisha. Kwenye fremu za biashara ni pabaya zaidi. Mfanyabiashara aliyepanga anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Fremu ikipangishwa kwa 500,000 wakati mwenyewe alitaka 400,000, kodi ya zuio ya mwaka itakuwa 600,000 kutoka kwenye milioni 6, na rekodi za TRA zitaonyesha mwenye fremu ana pato la milioni 6. Yeye anajua habari ya milioni 4 na laki 8 tu.

Sasa tuangalie sheria inasemaje, kwa sababu wengi wanadhani udalali ni jambo la kijiweni lisilo na sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na dalali anayekaa chini ya mwembe na simu yake yumo humo hata kama hajawahi kuisikia. Uwakala haulazimiki kuandikwa. Maneno ya mdomo yanatosha, hata mwenendo wa watu wawili unatosha, na si lazima pawepo malipo. Siku unapomwambia kijana "nitafutie mpangaji" na yeye akaanza kutafuta, tayari ni wakala wako. Anawajibika kufuata maelekezo yako, kufanya kazi kwa uangalifu, kukupa hesabu ukiidai, na kukukabidhi alichopokea kwa niaba yako baada ya kutoa kinachomhusu. Haruhusiwi kujinufaisha kwa siri katika kazi uliyomtuma. Akifanya hivyo, faida hiyo unaweza kuidai iwe yako. Akifanya utovu ndani ya kazi yenyewe, anapoteza ujira wa sehemu aliyoiharibu.

Mwenye nyumba anayesema "ya juu utajua mwenyewe" anaitupa kinga hiyo yote kwa mkono wake. Amekubali mapema kwamba wakala wake asimpe hesabu. Hawezi baadaye kulalamika kwamba nyumba imekuwa ghali na imekaa miezi minne bila mtu, wakati bei iliyokuwa ikitajwa sokoni hakuipanga yeye. Mpangaji naye yuko mahali pagumu zaidi: analipa udalali akidhani dalali ni mtu wake, anayemtafutia bei nafuu, kumbe kila shilingi anayoongezewa inaingia mfukoni mwa huyo huyo.

Swali la kuuliza kabla ya kupanda bodaboda kwenda kuangalia nyumba ni hili: wewe ni dalali wa nani? Kuna anayetumwa na mwenye nyumba atafute mtu. Kuna anayetumwa na mpangaji au mnunuzi atafute nyumba. Na kuna anayetumikia pande zote mbili, kitu ambacho si kosa endapo pande zote zinajua na zimekubali, pamoja na kujua kila upande unalipa kiasi gani. Kosa ni kufichwa. Mtu hawezi kubishana bei kwa uaminifu kwa niaba ya watu wawili ambao hawajui kwamba anawapigania wote.

Kwenye mauzo ya viwanja, cha juu kinaacha madhara yasiyokwisha. Mwenye kiwanja Goba anataka milioni 40. Dalali anauza kwa milioni 48. Je, mkataba uandikwe ngapi? Ukiandikwa 40, mnunuzi aliyetoa 48 ana karatasi inayomtetea kwa 40 tu. Ikija kubainika kiwanja kina mgogoro na mahakama ikaamuru arejeshewe fedha, zile milioni 8 atazidai kwa ushahidi gani? Ukiandikwa 48, mwenye kiwanja ndiye TRA itakayemuuliza kodi ya mapato ya mauzo kwa bei iliyoandikwa, pamoja na milioni 8 ambazo hakuzigusa. Ndiyo maana utaona mikataba miwili ya kiwanja kimoja, mmoja wa kuonyesha ofisini na mwingine wa kuweka kabatini. Wakili au mwenyekiti wa mtaa anayesimamia utiaji saini wa mkataba wa namna hiyo huku akijua, anashiriki.

Halafu kuna mnyororo. Dalali wa Mbezi amempata mwenye mali, akampigia wa Kimara, wa Kimara akampigia wa Ubungo, na kila mmoja ameweka chake. Kanuni ya uwakala ni kwamba kazi uliyopewa wewe usimkabidhi mwingine bila ruhusa, isipokuwa pale ambapo desturi ya kazi yenyewe inaruhusu. Kushirikiana ni desturi ya madalali, sawa, lakini ujira ni chungu kimoja: wagawane kilichopatanwa na mwenye mali, wasimwongezee mteja kwa idadi ya simu zilizopigwa. Mnyororo pia ndio njia ya utapeli. Mtu wa nne kwenye mstari hajawahi kumwona mwenye nyumba, anachojua ni picha aliyotumiwa. Zile rangi nyekundu ukutani, "NYUMBA HII HAIUZWI", zimeandikwa na watu waliochoka kugongewa geti na wanunuzi waliotumwa na watu wasiotumwa na mtu.

Haki ya dalali nayo isemwe. Anazunguka juani, analipa nauli na vocha, anamleta mteja, kisha mwenye nyumba na mteja wanapeana namba pembeni na kumruka. Hela ya kuonyeshwa nyumba ilizaliwa hapo: ni bima ya mtu anayejua anaweza kurukwa. Anayetaka hela hiyo iishe ampe dalali hakika ya ujira wake.

Hakika hiyo ni karatasi moja. Iitwe barua ya uwakala, iandikwe nakala mbili, isainiwe na mwenye mali na dalali kabla mteja wa kwanza hajaletwa. Iwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA. Mali itajwe kwa namba ya kiwanja na kitalu, au kama haijapimwa, kwa mtaa na majirani wa pande zote nne. Bei iwe moja, ile itakayotajwa kwa mteja, na iandikwe wazi kwamba dalali haruhusiwi kutaja nyingine. Ujira uwe tarakimu au asilimia, na isemwe nani anaulipa. Kwenye mauzo hutajwa asilimia 5, wengine hufika 10. Mpatane ninyi, lakini uandikwe. Tena uandikwe unalipwa lini: kwa pango, siku ya kukabidhiana funguo; kwa mauzo ya awamu, dalali alipwe kwa kadiri ya awamu iliyoingia, asichukue chote kwenye malipo ya kwanza halafu mnunuzi akashindwa kumalizia.

Kipengele ninachokisisitiza kuliko vyote ni cha fedha kupita. Barua iseme dalali hana mamlaka ya kupokea kodi wala bei ya mauzo. Fedha ziende kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina la mwenye mali, na stakabadhi itoke kwake. Mpangaji akisoma hivyo hawezi kusema alidhani dalali anaruhusiwa kupokea. Bila maandishi hayo, mwenye nyumba aliyezoea kumwacha dalali apokee kodi anaweza kujikuta anabanwa na mazoea yake mwenyewe, kwa sababu amewafanya watu waamini kwamba mtu huyo anapokea kwa niaba yake.

Muda uwe siku 60 au 90, kisha barua ife yenyewe. Chini pawekwe nafasi ya kuandika jina la kila mteja aliyeletwa na tarehe. Mteja aliyeandikwa akirudi peke yake ndani ya miezi mitatu baada ya barua kuisha na akanunua, dalali alipwe. Mistari hiyo michache ndiyo inayomzuia mwenye nyumba mjanja.

Mnunuzi naye akioneshwa barua hiyo asidhani kazi imekwisha. Barua inathibitisha kwamba mtu ametumwa. Haithibitishi kwamba aliyemtuma ana haki ya kuuza. Kiwanja chenye hati kifanyiwe upekuzi kwa Msajili wa Hati, aonekane mmiliki ni nani na kama kuna rehani ya benki. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenza, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ridhaa hiyo isainiwe na mwenza mwenyewe. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Mwenye barua ya uwakala hana ruhusa ya kusaini mkataba huo. Kwa kusaini inatakiwa hati rasmi ya kumpa mtu mamlaka, iliyoshuhudiwa kisheria, hati ambayo ndugu zetu walioko Muscat, London au Minnesota huituma kwa jamaa zao. Wao ndio wanaochanganya zaidi: wanampa dalali hati ya mamlaka kamili wakati walichohitaji ni mtu wa kuwatafutia kiwanja.

Wenzetu wa Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, yenye bodi ya usajili, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Hapa kwetu wathamini walipata sheria yao ya usajili mwaka 2016. Dalali wa mtaani bado anaanza kazi siku anayopata simu. Wizara ya Ardhi ingeweza kuanza na kitu kidogo kisichohitaji Bunge: fomu ya barua ya uwakala ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane bure kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Na fomu hiyo iwe na mstari unaosema uwakala unakoma mwenye mali anapofariki. Hili halijulikani kabisa. Mzee anafariki, dalali anaendelea kuonyesha nyumba kwa sababu "marehemu alishanipa kazi", na mtoto mmoja anapokea arbuni. Siku mzee alipofariki barua ilikufa naye, hata hati ya mamlaka ilikufa naye. Anayeweza kumtuma dalali tena ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa barua mpya yenye jina lake.

Mdau wa ardhi na nyumba,
Kinondoni, Dar es Salaam